“Tulidhani ni uzee”: maswali ya wanaomtunza mzee nyumbani

Mzee huletwa kwetu hospitalini hatambui watu, midomo imekauka, na juu ya makalio ana kidonda kilichofika mfupani. Ukiuliza vimeanza lini, ndugu hutazamana, kisha mmoja husema: “Tulidhani ni uzee.” Maswali haya tunaulizwa kila wiki.

Kumtelekeza mzee ni nini? Sisi tunaishi naye.

Ni kumwacha mtu anayekutegemea bila chakula, maji, usafi, dawa au matibabu, iwe kwa makusudi au kwa kutojali. Kuishi naye nyumba moja si kumtunza. Wengi ninaowapokea wana chumba na godoro, na wajukuu wanacheza mlangoni. Ila wiki nzima hakuna aliyemfunua shuka akamtazama.

Mama amechanganyikiwa tangu juzi. Si uzee huo?

Hapana. Uzee hauji kwa siku mbili. Maradhi ya kupoteza kumbukumbu kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka. Aliyekuwa akizungumza vizuri Jumapili, na Jumanne anaongea na ukuta au haamshiki, huyo anaumwa. Mara nyingi ni maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji, au dawa zisizomfaa. Msingoje homa, kwa kuwa mzee anaweza kuwa na maambukizi makali na mwili usichemke.

Tukimwangalia siku chache kwanza?

Hapana! Mleteni leo. Mkija na mifuko yote ya dawa anazotumia, pamoja na za kienyeji, mtatusaidia sana.

Tunampunguzia maji ili asikojoe kitandani. Kuna ubaya?

Mkubwa. Mzee hahisi kiu kama kijana, kwa hiyo hata maji yakiwa karibu anaweza asiyaombe. Mkimpunguzia, mkojo unakuwa mweusi kama chai, maambukizi yanaingia, akili inapotea, na hapo ndipo mnasema ni uzee. Mpeni kidogo kidogo mchana kutwa, isipokuwa daktari amemwekea kipimo kwa sababu ya moyo au figo. Shuka hufuliwa.

Mgongoni pamekuwa pekundu. Tupachue?

Msipachue wala kupasugua. Hicho ni kidonda cha mgandamizo, cha kulalia upande mmoja muda mrefu, kinaanza. Bonyeza kwa kidole: wekundu usipofifia, ngozi imeshaumia. Kwa mwenye ngozi nyeusi sana, tafuta mahali palipozidi weusi, penye joto au pagumu kuliko pembeni. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili, usiku pia, na nepi ibadilishwe ikilowa tu, si asubuhi na jioni kama dozi. Kagueni visigino, nyonga na juu ya makalio kila siku. Ngozi ikishafunguka, msipake kitu cha kubahatisha. Njooni.

Hataki kula. Tumlazimishe?

Aliyeacha kula ghafla aletwe; huenda mdomo una vidonda, au anaumwa. Lakini yule ambaye daktari amekwisha kuwaambia yuko siku za mwisho, mwili wake haudai chakula tena. Kumshindilia uji ni kumpalia. Lowanisheni midomo yake, mkae naye. Akiwa na maumivu, semeni apewe dawa. Mofini ikitolewa kwa kipimo sahihi hutuliza maumivu, haiharakishi kifo.

Kumuuliza anavyotaka mwisho wake uwe, si kumchuria?

Kifo hakisubiri kutajwa. Muulizeni angali na akili timamu: nani amsemee akishindwa kusema, angependa kuwekwa kwenye mashine au la, awe nyumbani au hospitali, nani aitwe. Andikeni mbele ya mashahidi, daktari aweke nakala kwenye faili, na akibadili mawazo andikeni upya. Na msimfiche ugonjwa wake, mwili ni wake. Nimesimama pembeni ya kitanda watoto wanne wakivutana, kila mmoja akiapa anajua baba alitaka nini. Baba mwenyewe hakuwahi kuulizwa.

Ninamuuguza peke yangu. Nimechoka, na jana nilimfokea.

Sema kabla hujamfikia kwa mkono. Uchovu huo tunauona, na tukiuona mapema tunaweza kukufundisha namna ya kumgeuza bila kujivunja mgongo. Wale ndugu wanaopiga simu kutoa maagizo waje na mablanketi yao, washike zamu ya usiku.