Mifuko iliisha, hela sikuiona

Tarehe 1 Juni 2019, siku katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa lilipoanza kutumika, nilikuwa na marobota manne ya mifuko mbadala kwenye fremu ya kuazima, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Mpaka adhuhuri haukubaki hata mmoja. Nilirudi Mbagala nimening'inia kwenye daladala, moyoni najiona nimezaliwa na mkono wa biashara.

Ilinichukua karibu miaka miwili kukubali kwamba siku ile sikuuza chochote. Katazo ndilo lililoniuzia. Watu hawakuwa na pa kutia nyanya, mimi nikawa njiani kwao. Wenzangu walipoingiza mzigo na mifuko ikajaa kila kona, ndipo nilipotakiwa kuuza kweli, na hapo nikaanza kufanya makosa ambayo leo nayakuta kwenye madaftari ya watu wengine. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi: nakaa na wenye maduka, tunafungua daftari la mauzo, tunasoma mstari kwa mstari. Wengi huniita wakitaka niwafundishe maneno ya kumwambia mteja aliyekataa. Mimi naanza na waliokubali. Aliyekataa anakuumiza siku moja, basi. Aliyenunua mkashikana mikono anaweza kukumaliza taratibu huku unamkaribisha soda.

Chukua punguzo. Mfuko niliununua shilingi 320 nikauuza 400. Mteja anakuja, "Bosi wangu, nifanyie 360, mimi nachukua mingi." Nami nafikiri, arobaini tu, asilimia kumi, ni kitu gani? Lakini faida yangu haikuwa 400, ilikuwa 80. Ukitoa 40 umetoa nusu ya faida. Ili nibaki pale pale lazima niuze mifuko mara mbili, nibebeshe mara mbili, nilipe bodaboda mara mbili. Nimeshakaa na watu wenye miaka kumi sokoni ambao hawajawahi kuifanya hesabu hii. Punguzo wanalipima kwa bei, wakati linaliwa kwenye faida. Sasa mtu akiniomba nipunguze, namuuliza kwanza anachukua mingapi na analipa lini. Akichukua elfu tano kwa pesa taslimu, tunaongea. Akichukua mia mbili na ahadi, bei ni ile ile.

Ahadi ndiyo iliyonimaliza. Tunaiita mali kauli: mzigo unatoka kwa neno, pesa inafuata. Kariakoo haiwezi kwenda bila mali kauli, kwa hiyo sitamwambia mtu aiache. Anayekwambia uiache hajawahi kukaa dukani. Kosa langu lilikuwa kuandika mzigo wa mali kauli kwenye ukurasa wa mauzo. Mfanyabiashara mmoja alichukua mifuko mia, akalipa siku ya pili. Akachukua mia tatu, akalipa kabla ya wiki. Mara ya tatu akachukua elfu moja, na mpaka leo tunasalimiana tu. Kukopa arusi, kulipa matanga. Mtaji uliopotea pale ni shilingi 320,000. Kwa faida ya 80 kwa mfuko, ilibidi niuze mifuko 4,000 ili nirudi sifuri. Mifuko 4,000 ya kufanya kazi bure! Tangu hapo nina kurasa mbili: waliolipa na waliochukua. Na kila mtu ana kikomo chake, nakiandika juu ya jina lake kabla hajaja, kwa sababu akishasimama mbele yako anatabasamu huwezi kukipanga tena.

Kuna kosa jingine linalouma hasa kwa anayeanza kuuzia ofisi na mashirika. Ofisi moja walinipigia simu, wanataka mifuko 5,000, bei gani? Nikasema 400. Milioni mbili kamili, nikapiga hesabu ya faida ya laki nne, nikafurahi. Siku ya malipo wakadai risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, yenye VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Nilikuwa nimeshasajiliwa, na sikusema popote kwamba bei yangu haijajumlisha kodi. Maana yake kodi imo ndani: katika milioni mbili, VAT ya asilimia 18 ni shilingi 305,085. Mzigo wenyewe nilinunua bila risiti ya maana, hivyo sikuwa na VAT niliyolipa wakati wa kununua ya kukata kwenye hiyo. Ukitoa gharama ya mzigo, milioni 1.6, laki nne zangu zikawa shilingi 94,915, na usafiri bado. Kiwango cha lazima cha kusajiliwa kimepanda kutoka mauzo ya milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo wadogo wengi halijawafikia. Ila siku likikufikia, usitaje bei kwenye simu bila kusema kodi imo au haimo.

Kuongea sana nako kupo. Nilikwenda Sinza kwa dada mwenye duka la viatu, nikamhubiria mazingira, ubora, gramu 70, sijui nini. Alinisikiliza kwa adabu zote, mwisho akasema, "Kaka, boksi la kiatu linaingia?" Halikuingia. Dakika ishirini zote zile, na nilipaswa kuanza kwa kuuliza yeye anatia nini ndani ya mfuko.

Na hawa wanaoandika "bei njoo inboksi" chini ya picha, mimi siwaelewi. Mteja yuko kwenye Mwendokasi, ana mkono mmoja, unamtaka akuandikie barua ndipo umwambie bei?

Wiki iliyopita nilikuwa Mwenge kwa binti anayeuza vipodozi. Aliniambia hana shida na mauzo, shida yake mtaji haukui. Tukagawa daftari lake kurasa mbili kama ninavyofanya langu. Mteja wake namba moja, yule anayempigia simu kwanza mzigo mpya ukifika, akaangukia upande wa waliochukua: miezi mitano, hajalipa hata shilingi. Binti akakaa kimya, kisha akachukua simu akampigia pale pale, mimi nikiwepo. Iliita mara mbili, ikakatwa. Akafuta jina lake kwenye orodha ya mzigo wa Jumatatu.