Je, Wajua Kwa Nini Nazi Zinazoanguka Zilimpatia Daktari Tuzo?

Anayekulia Unguja au Pemba hujua mapema kwamba chini ya mnazi wenye nazi kavu hapatandikwi mkeka, na ni nadra kumpata mwenyeji aliyeona haja ya kuliandikia jambo hilo makala ya kitabibu. Daktari Peter Barss aliiona haja hiyo. Mwaka 1984 alichapisha, katika jarida la kitabibu la masuala ya majeraha, utafiti kuhusu watu walioangukiwa na nazi, na mwaka 2001 ukamletea tuzo ya Ig Nobel ya tiba, ambayo hutolewa kwa kazi zinazomchekesha mtu kwanza, kisha zikamfikirisha.

Tuzo hizo zilianza mwaka 1991 na hukabidhiwa na washindi wa Nobel yenyewe. Kwa miaka kadhaa, mshindi aliyepitiliza muda wake wa kuhutubia alifuatwa jukwaani na mtoto wa kike, ambaye alimrudia-rudia kwamba tafadhali anyamaze, maana yeye amechoka kusikiliza. Utaratibu ambao baadhi ya mikutano ya hapa kwetu ingeweza kuufikiria.

Barss alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mkoa wa Milne Bay, Papua New Guinea. Alipopitia kumbukumbu za miaka minne za wagonjwa waliolazwa kwa majeraha, alikuta kwamba asilimia 2.5 kati yao walikuwa wameangukiwa na nazi. Alieleza visa vinne vya waliopigwa kichwani: wawili walipasuliwa fuvu ili kutibiwa, na wawili walifariki papo hapo. Hapo kicheko hupungua.

Hesabu yake si ngumu. Nazi ya kilo 2, ikiwa bado na makumbi yake, ikiporomoka kutoka mita 25 hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao daladala ya Makunduchi ingepigiwa filimbi na polisi. Ikisimamishwa na kichwa ndani ya sentimita 5, nguvu inayopokelewa na kichwa hicho hukaribia uzito wa tani moja. Nazi ina macho matatu, lakini yote yamefunikwa na makumbi, kwa hivyo haitarajiwi kumkwepa mtu.

Ni nazi gani hasa ya kuogopwa? Dafu, ingawa limejaa maji na mara nyingi huwa zito kuliko nazi kavu, hubaki limeshikwa imara kwenye kole lake. Nazi huchukua takriban miezi 12 kukomaa, na ikishakomaa kikonyo hukauka, hata upepo mdogo ukatosha kuiangusha bila taarifa. Mkwezi ndiye huitangulia: hupanda, akaipopotoa nazi mpaka kikonyo kikatike, akawapigia kelele walio chini wasogee kabla ya kuiachia. Kwa kipimo cha kitabibu, kelele hiyo ni kinga ya bei nafuu sana.

Baadaye zilienea habari kwamba nazi huua watu 150 duniani kila mwaka, kuliko papa. Makala ya Barss haina namba hiyo. Alihesabu wagonjwa wa hospitali moja, na vifo alivyovieleza ni viwili.