Udi si mti uliooza

Wauzaji wengi wa udi watakwambia kwamba ule weusi ndani ya kijiti ni ukungu, yaani mti umeoza na kuvu ndiyo inayonukia. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha.

Mti wenyewe, Aquilaria, humea kuanzia Assam nchini India hadi Vietnam na Indonesia. Ukiwa mzima, mbao zake ni nyeupe, nyepesi, na ukizitia kwenye chetezo hutapata harufu ya maana. Manukato huanza mti unapojeruhiwa: tawi likivunjika, buu akitoboa shina, au kuvu kama Fusarium ikipenya kwenye kidonda. Hapo chembe hai za mti hutengeneza ulimbo, ndio ule weusi unaonukia, ili kuzuia uvamizi usienee. Kwa hiyo anayetengeneza udi ni mti. Kuvu ni mchokozi tu. Ndiyo maana hata kutoboa shina na kutia kemikali bila kuvu yoyote huweza kuleta ulimbo.

Wakulima hutumia siri hiyo: hutoboa matundu shinani, hutia kuvu iliyooteshwa maabara, kisha husubiri miezi au miaka. Wengine huuita udi huo bandia. Sikubali, maana ulimbo ni uleule wa mti, ingawa wa haraka mara nyingi huwa hafifu. Bandia hasa ni kijiti kilichopakwa mafuta. Miti ya porini imekatwa mno, hata biashara ya Aquilaria zote ikawekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.