Dodge Hawakutengeneza Cummins, Jamani

Wiki hii kijana mwingine kanitumia picha za pikapu ya Dodge Ram 2500 ya mwaka 2001 anayotaka kununua, na maneno yale yale: "Fundi, hii ni ile Cummins ya Dodge, haifi." Nimechoka kuyasikia. Nafanya kazi ya injini za dizeli hapa Kentucky, Marekani, na karibu kila Mswahili mwenzangu anayetafuta pikapu ya kuvutia trela huanzia hapo hapo.

Cummins ni kampuni ya injini ya Columbus, Indiana, ya tangu 1919, na haijawahi kuwa ya Dodge. Injini inayosifiwa, silinda 6 za mstari mmoja, lita 5.9, waliibuni wakishirikiana na Case, watu wa matrekta. Ilikuwa inazungusha matrekta na jenereta kabla Dodge hawajaigusa. Wachina wa Dongfeng nao walichukua leseni ya kuitengeneza, kwa hiyo hata kule nyumbani ukifunua lori lao unaweza kuikuta imekaa humo.

Sasa Dodge walikuwa na nini? Bodi ya mwaka 1972, iliyopewa jina la Ram mwaka 1981 kwa heshima ya kondoo dume aliyekaa kwenye boneti za Dodge miaka ya 1930. Ford na GM walikuwa na dizeli za V8 zisizo na turbo. Dodge waliwahi kujaribu dizeli ya Mitsubishi mwaka 1978, ikauza kidogo mno. Kwenye modeli ya 1989 ndipo wakaingiza Cummins: turbo, nguvu za farasi 160, toku (nguvu ya kuzungusha) futi-pauni 400. Injini yenyewe nzito karibu nusu tani, imebanwa ndani ya gari ambalo halikuchorwa kwa ajili yake.

Hapo ndipo hadithi ya "haifi" inaponikera. Injini haifi, sawa. Vipi vilivyoizunguka? Gia otomatiki ya miaka ya mwanzo ilikuwa na gia tatu tu, bila ovadraivu (gia ya mwendo wa kasi inayopumzisha injini), inapokea toku ya lori. Za kuanzia 1994, zile za 4x4, ekseli ya mbele ikichoka usukani unatetemeka hadi unasimamisha gari katikati ya barabara kuu. Hayo ni ya Chrysler, wenye Dodge, wala si ya Cummins. Mtu anakuambia injini ina maili laki nne. Muulize gia boksi ni ya ngapi.

Na kuna hili la kwamba dizeli ndiyo iliyoiokoa Ram. Wauzaji wanalipenda sana. Mauzo yalikuwa chini ya laki moja mwaka 1993, yakapita laki nne mwaka 1999. Lakini Cummins ilifungwa kwenye Ram nzito tu, 2500 na 3500; 1500, ile nyepesi ambayo wengi walinunua, ilikuwa ya petroli. Kwa maoni yangu, sura mpya ya 1994, ile pua iliyoiga malori makubwa, ilifanya kazi kubwa kuliko dizeli. Mafundi wenzangu hunizomea nikisema hivyo.

(Ram ilitengwa na Dodge mwaka 2009 ikawa chapa yake. Kwa hiyo ya 2001 ni Dodge, ya 2015 siyo. Tuendelee.)

Kijana, hiyo yako ni ya valvu 24, yenye pampu ya Bosch VP44, ile inayopeleka dizeli kwenye silinda na kuendeshwa kwa umeme wa kompyuta. Sio ile ya valvu 12 ambayo wazee wanaisifu, yenye pampu ya P7100 isiyojua umeme ni nini. VP44 inapozwa na kulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Dizeli hiyo inasukumwa na pampu ndogo ya umeme iliyofungwa ubavuni mwa injini, na hiyo ndogo ni dhaifu. Ikilegea, gari bado linawaka na kuvuta vizuri tu, huku pampu kubwa inaungua taratibu. Wengi tunasema presha isishuke chini ya psi 10 ukiwa umekanyaga mafuta. Kama ni presha ndiyo inayoua au ni joto la saketi ya umeme iliyo juu ya pampu, mafundi hatujaacha kubishana, na nimefungua zilizokufa zikiwa na presha nzuri kabisa. Funga geji hata hivyo. Geji ni bei ya chakula cha familia, pampu ni mshahara.

Kitu cha mwisho kabla hujatoa pesa: ingia chini na tochi, futa grisi kwenye bloku ya injini, tafuta namba iliyochomoza kwenye chuma chenyewe tangu kilipomiminwa. Ukikuta 53, kuta za njia za maji kwenye bloku hizo ni nyembamba na hupasuka ubavuni. Si zote. Lakini mwenye gari akikuambia anaongeza maji kidogo kila baada ya wiki mbili, usimsaidie kutafuta sababu.