Gesi iko Msimbati, mbona mtungi bado ghali?

Kila ninapokaa na wananchi kuzungumzia nishati ya kupikia, iwe Mikindani, Nachingwea au Tandahimba, sifiki mbali kabla mtu hajanyoosha mkono: gesi inachimbwa hapahapa kwetu, mbona mtungi tunauziwa ghali? Ni swali la haki, na linastahili jibu kamili.

Gesi ya Mnazi Bay, pale Msimbati mkoani Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, na methani haigeuki kimiminika kwa kubanwa tu, mpaka ipoozwe hadi nyuzi joto 162 chini ya sifuri. Ndiyo maana husafirishwa kwa bomba, kama lile la kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam lililokamilika mwaka 2015. Gesi ya mtungi ni nyingine kabisa. Ni mchanganyiko wa propani na butani, ambazo ukizibana kidogo zinakuwa kimiminika. Hiyo tunaiagiza nje ya nchi, inashushwa kwa meli Dar es Salaam na Tanga, kisha inapakiwa lori na kuletwa kusini zaidi ya kilomita 500. Nauli ya lori imo ndani ya bei unayolipa dukani.

Kwa hiyo gesi ya Msimbati itaingia jikoni mwako kwa bomba la mtaani. Baadhi ya nyumba za Mtwara na Lindi zimeshaunganishwa, na kwa maoni yangu mikoa hii ilistahili kuwa mbele zaidi ya hapo ilipofika. Lakini bomba linaposubiriwa, watoto wanataka kula leo.

Mama mmoja wa Newala alinifundisha jambo ambalo sasa nalisema kila mahali. Kila asubuhi humtuma mwanawe dukani kununua mkaa wa sado moja, lile kopo la kupimia. Nilimuuliza kwa nini hanunui gunia, akanijibu, "Baba, hela ya gunia nitaiona wapi kwa siku moja?" Tukaupima ule mkaa kwenye mizani ya korosho: kilo moja na robo. Hapo ndipo umaskini wa nishati unapokaa. Asiye na kitu hununua kwa kipimo kidogo, na kipimo kidogo ndicho chenye bei kubwa kuliko vyote.

Shika hesabu hii. Kilo moja ya gesi ikiwaka kwenye jiko lake huivisha chakula kinachokaribia kile cha kilo 4 za mkaa kwenye jiko la bati la kawaida, kwa sababu joto kubwa la mkaa hupotelea pembeni mwa sufuria. Mtungi wa kilo 6 basi ni sawa na kilo 24 za mkaa, yaani sado 19 kama zile za Newala. Chukua bei ya sado mtaani kwako, zidisha mara 19, linganisha na bei ya kujaza mtungi. Mjini mara nyingi utashtuka kuona mkaa ndio ghali. Kijijini, mkaa unapochomwa jirani, huenda mkaa ukawa nafuu, na sitakudanganya kwamba sivyo. Hapo anza na jiko banifu la udongo, maana linashika joto na kupunguza mkaa unaotumika.

Tatizo ni ile fedha ya mkupuo ya kununulia mtungi. Kwetu fedha huja kwa msimu, minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba. Ukilipwa, nunua mtungi, au wa pili kama unao mmoja, ukiwa umejaa kabla hela haijaenda kwenye mambo mengine. Vikundi vya hisa navyo vinaweza kukopesha kwa ajili hiyo, kama vinavyokopesha ada ya shule.

Mbaazi na kunde ndizo zinazomaliza nishati. Ziloweke usiku kucha. Zichemshe kwa nguvu dakika 20 sufuria ikiwa imefunikwa, kisha itie kwenye pakacha lililotandikwa blanketi kuukuu, ifunike vizuri na uiache saa tatu. Zitaendelea kuiva bila moto. Zikitoka, zichemshe tena kabla ya kula. Mwenye umeme afikirie jiko la presha la umeme: sufuria ya mbaazi haifiki uniti moja.

Kuna kuni moja nawasihi muiache: maganda ya korosho. Najua yamejaa uani na ni ya bure, na yanawaka kama yamemwagiwa mafuta ya taa. Wabanguaji wanayajua mafuta yake, yanavyobabua vidole. Mafuta hayohayo yakiungua jikoni hugeuka moshi unaowasha macho na kifua cha mtoto aliye mgongoni.

Na sasa baridi. Mtu wa pwani anaweza asinielewe, ila aliyelala Newala mwezi Julai, ukungu umeshuka juu ya uwanda wa Makonde, anajua kwa nini watu huingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa uliokwisha kutoa moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi mzito, na wengine hawaamki. Usilale na jiko, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Anika godoro na mablanketi juani mchana, lalisha watoto pamoja, na weka maji ya moto kwenye chupa ngumu yenye kifuniko imara, uivingirishe khanga kabla ya kuiweka miguuni.

Mwenye gesi naye apake maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira kila anapobadilisha mtungi. Yakitoa mapovu, gesi inavuja: funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe hata swichi.

Yule mama wa Newala alinunua mtungi wake baada ya mnada wa pili. Siku ya kuufungua aliandika tarehe kwa kipande cha mkaa ukutani juu ya jiko. Nilipopita tena alinionyesha tarehe ya pili, ya siku gesi ilipoisha, chini ya ile ya kwanza: siku 27. Pakacha lake lilikuwa pembeni, sufuria ya mbaazi ndani, na mwanawe alikuwa ameshaenda shule.