Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: mwani ndani ya akantaria

Ukimweka akantaria hai (kiumbe wa seli moja anayeelea baharini) chini ya hadubini, kwanza utaona miiba: ishirini, yote ikichomoza kutoka katikati kwa mpangilio ambao mpaka leo haunichoshi. Cheza kidogo na lenzi na vitajitokeza vidoa vya rangi ya dhahabu vilivyojibanza mwilini mwake. Vidoa hivyo si viungo vyake. Ni mwani wa seli moja, kiumbe mwingine kabisa, aliyetoka majini akaingizwa humo.

Watafiti wa zamani walipata tabu navyo. Thomas Huxley aliandika mwaka 1851 kuhusu seli za manjano alizoziona ndani ya radiolaria, kundi la viumbe wa seli moja ambamo akantaria nao wamo, bila kujua ni za nani. Mwaka 1871 Cienkowski akagundua kwamba mwenyeji, yaani kiumbe anayezibeba, akifa, seli hizo zinaendelea kuishi, na miaka kumi baadaye Karl Brandt akazipa jina Zooxanthella. (Ndiyo, jina ambalo wengi wanadhani lilizaliwa kwenye matumbawe lilianzia kwa planktoni, viumbe wanaoelea majini.)

Maelezo ya kawaida ya kwa nini wanaishi pamoja ni haya. Bahari ya buluu ya tropiki ina mwanga tele lakini ni maskini wa naitrojeni na fosforasi. Ndiyo maana maji yake ni maangavu. Mwenyeji hukamata mawindo, na uchafu wake ni mbolea kwa mwani. Mwani nao hutengeneza sukari kwa usanisinuru na kumgawia. Kwa foraminifera (kiumbe mwingine wa seli moja, mwenye gamba) aitwaye Orbulina universa unaona kabisa mpango huo ukifanya kazi: kukipambazuka anausambaza mwani wake juu ya miiba kama nguo zilizoanikwa, na giza likiingia anaurudisha ndani ya gamba.

Inapendeza, lakini tusiharakishe kuiita biashara ya haki. Wakati wa Orbulina kuzaa ukifika, mwani ule hauendi na watoto. Kila kizazi huanza mikono mitupu na kutafuta wake majini.

Kwa akantaria mambo ni mazito zaidi. Mwani wake mara nyingi ni Phaeocystis, ambao umejaa baharini na unaishi vizuri tu bila mwenyeji. Nje, ni seli ndogo yenye kloroplasti (sehemu za seli zinazofanya usanisinuru) mbili hivi, inayogawanyika kama kawaida. Ndani, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha seli hiyo ikivimba, kloroplasti zikiongezeka na kujaa kila upande, huku kugawanyika kukizuiwa. Seli isiyogawanyika haina uzao. Sasa faida yake iko wapi? Mgeni wa methali hupewa jembe, lakini siku moja huaga akaenda kwao. Mimi niliacha kuandika "kunufaishana" kwa akantaria. Naita ukulima, na siku nikiamka vibaya naita kifungo.

Kuna jambo jingine lililotuchelewesha kuwaelewa viumbe hawa. Nilipoanza kazi hii nilihifadhi sampuli za safari nzima kwa fomalini ya kawaida. Nilipofungua chupa maabara, miiba yote haikuwepo. Mifupa ya akantaria ni salfeti ya strontiamu, na akantaria akishakufa maji ya bahari huiyeyusha. Inabidi uongeze kloridi ya strontiamu kwenye chupa mapema. Sikuongeza. Nyavu nazo huyararua makundi ya radiolaria yaliyo laini kama ute. Kwa hiyo kwa miaka mingi tulikuwa tunahesabu walionusurika, si waliokuwepo, hadi kamera za chini ya maji zilipoanza kuwapiga picha pale pale walipo.

Hata leo hakuna aliyefaulu kumfuga akantaria maabara kizazi baada ya kizazi. Tunachota maji taratibu kwa mitungi, tunawanyonya mmoja mmoja kwa pipeti, na baada ya siku chache wanakufa. Ukiwa na swali jipya, unarudi tena kwenye mashua.