Zebaki si dhahabu changa

Katika makundi ya WhatsApp ya Dodoma na Singida kuna ujumbe usiokwisha kuzunguka: eti zebaki si metali bali ni "maji ya dhahabu", na ukiichemsha vya kutosha inaganda kuwa dhahabu.

Si kweli. Zebaki ni metali kamili. Fungua jedwali la elementi katika kitabu chochote cha kemia cha sekondari: zebaki ni namba 80, dhahabu 79, yaani idadi ya protoni katika kiini cha atomi. Moto wa jiko haubadili namba hiyo. Zebaki ni kimiminika kwa sababu kiini chake hushikilia mno elektroni zake za nje, hivyo atomi zinashikana kwa udhaifu, na huganda tu kwenye nyuzi 39 hivi chini ya sifuri. Wala haiko peke yake: gali (gallium), metali nyingine, huyeyuka karibu nyuzi 30, kwa hiyo mchana wa Novemba hapa Dodoma ingeweza kuyeyuka yenyewe mezani.

Mkanganyiko, nadhani, unatoka machimboni. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga, zebaki hunasa dhahabu iliyomo na kuwa donge, kisha huchoma donge hilo, dhahabu inabaki. Anayetazama huona zebaki "imegeuka". Lakini dhahabu ilikuwa mchangani tangu mwanzo. Zebaki imeondoka kama mvuke usioonekana, unaodhuru ubongo na figo, hasa za watoto.

Tafadhali usiijaribu jikoni, na usiusambaze ujumbe huo. Aliyekutumia mjibu kwa upole, umweleze habari ya mvuke.